Maji ya leza kwenye joto la Dar: deli, barafu na jasho la kioo

Tyubu yangu ya kwanza ya leza, kile kioo kinachotoa mwanga wa kuchonga na kinachopozwa kwa maji, ilikufa mwezi wa pili, saa nane mchana, kwa uzembe wa sekunde kumi. Nilikuwa na oda ya vibao sitini vya mninga vya sendofu, na mwenye shughuli ananipigia simu kila nusu saa. Mashine ni ile ndogo ya bluu iliyoandikwa wati 40, ambayo mafundi wa leza huiita K40. Maji yalikuwa ya bomba, kwenye ndoo ya lita kumi. Pampu nilikuwa nimeichomeka kwenye soketi ya nyuma ya mlango, mbali na mashine.

Umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikawaka, nikaendelea na kazi. Pampu haikuwaka, maana mtu aliyepita pale mlangoni aliipiga plagi teke ikalegea. Kufika kibao cha tatu mchoro ukaanza kufifia, nikadhani lenzi imechafuka. Nilipoinama kutazama ndoo, maji yametulia tuli. Mbaya zaidi, mpira wa kurudishia maji nilikuwa nimeuacha unaning'inia juu ya ndoo, kwa hiyo pampu ilipozima, maji yote ya ndani ya tyubu yaliteremka kurudi chini. Tyubu tupu, na ya moto. Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe: nikaikaza plagi. Maji yakapanda kwenye kioo cha moto, nikasikia "tik", kama kijiko kinapogonga glasi ya chai. Vibao vya watu nikaenda kuvimalizia kwa fundi mwingine, kwa hela yangu.

Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia ada. Karakana yangu iko Keko, katikati ya mafundi wa makabati na vitanda, na mashine hii inaniletea riziki ya vibao, holda za funguo na zawadi za kitchen pati. Maelekezo mengi niliyosoma kuhusu maji ya leza yaliandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi. Ukiyafuata huku pwani kama yalivyo, utaua tyubu kwa njia nyingine kabisa. Nitafika huko. Kwanza tuelewane joto lenyewe ni kiasi gani.

Joto linalokwenda ndooni

Tyubu ni kioo ndani ya kioo ndani ya kioo. Bomba jembamba la katikati ndimo umeme unamopita ndani ya gesi: kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heliamu. Linalolizunguka ni njia ya maji. Kioo cha nje ni ghala la gesi. Katika umeme unaosukumwa mle ndani, karibu sehemu moja tu ya kumi hutoka ikiwa mwanga wa kuchonga. Zilizobaki zote ni joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye maji yako. Kwa mashine ya ukubwa huu hesabu wati 300 hadi 350 ukichoma bila kupumzika. Ni kama umechukua theluthi ya pasi ya umeme ukaizamisha ndooni.

Lita moja ya maji inataka kilojuli 4.2 kupanda nyuzi moja. Ndoo ya lita kumi, kwa wati 350, inapanda nyuzi moja kila dakika mbili. Lita 25 zinapanda nyuzi moja kila dakika tano. Mwezi wa pili maji ya Dar yaliyokaa ndani ya nyumba yanaanza siku yakiwa na nyuzi 28 au 29. Sasa piga hesabu: ile ndoo yangu ya lita kumi ilikuwa inavuka 30 kabla sijamaliza kibao cha kwanza, hata pampu ikiwa nzima.

Kuchora hakulingani na kukata. Unapokata akriliki, mwanga unawaka karibu muda wote. Unapochora jina la bibi harusi, mwanga unawaka na kuzima, na kwa kazi zangu nyingi jumla yake ni kama theluthi ya muda. Kwa hiyo hizo dakika tano zinakuwa kumi na tano.

Gesi ikipata joto, nguvu ya mwanga inashuka. Fundi asiyejua anaona mchoro umefifia, anaongeza mkondo wa umeme, joto linazidi, nguvu inashuka tena. Huo ndio mwendo wa kuzeesha tyubu mapema. Ukiona mchoro unafifia baada ya nusu saa wakati mwanzoni ulikuwa mzuri, angalia kipimajoto kabla hujagusa kitufe cha nguvu. Mimi sindano ya mkondo siipandishi zaidi ya miliampea 15 hata mteja awe amesimama mlangoni, na msimu wa joto nabaki 10 hadi 12 na kupunguza kasi ya kichwa.

Maji gani

Ya bomba hapana. Ya kisima hapana kabisa. Visima vingi vya Dar vina chumvi unayoisikia ulimini. Sababu ni mbili. Ya kwanza kila mama wa nyumbani anaijua: ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukishika kwenye kioo unazuia joto kutoka, na huwezi kuingiza brashi mle ndani ukausugua. Ya pili ni ya hatari. Ncha moja ya tyubu ina umeme wa volti elfu kumi na kitu, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme. Umeme ukipata njia kupitia maji, unashuka mpaka ndooni. Kuna mafundi waliotia mkono ndooni mashine ikiwaka wakatupwa nyuma.

Yanayotakiwa ni maji yaliyochujwa chumvi zote. Kwenye maduka ya spea yanauzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, maana rafu hiyohiyo ina tindikali ya betri, na kuna muuzaji ambaye ukimwambia "maji ya betri" anakupa chochote kilicho karibu na mkono wake. Njia ya pili, iliyo rahisi mfukoni kwa lita nyingi, ni kununua kwa wenye mitambo ya kuchuja maji kwa mgandamizo, wale wanaojazia watu madumu. Nenda na kipima chumvi, kile kidogo kama kalamu. Maji ya betri mazuri yanasoma 0 hadi 5. Ya mtambo mzuri yanaweza kusoma kumi na kitu. Mimi yakifika 30 kwenye deli langu nayamwaga. Maji ya kunywa ya chupa, hata yawe meupe namna gani, yana madini. Yapime utaona mwenyewe.

Watu huniuliza kuhusu maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ukiyapima chumvi ni kidogo kweli. Lakini yamepita kwenye vumbi, ute na mabati ya ile koili, na ndani ya wiki yananuka. Mimi siyatumii.

Kulanti ya gari usitie. Kazi yake ni kuzuia maji yasigande, na Keko maji hayajawahi kuganda. Inapunguza uwezo wa maji wa kubeba joto, na aina nyingi zinaongeza upitishaji wa umeme. Rangi ya kijani inapendeza kwenye picha tu.

Ukijani wenyewe, ule utelezi unaoota kwenye ndoo nyeupe iliyo karibu na dirisha, unaletwa na mwanga. Funika maji, zuia mwanga, na tatizo limeisha kwa sehemu kubwa. Wengine hutia matone ya dawa ya matangi ya samaki. Mimi ninafunika, na kila miezi mitatu namwaga.

Deli, pampu na mipira

Niliachana na ndoo nikanunua deli la wauza barafu, lenye ukuta mnene na mfuniko, la kuingia lita 25 na nafasi ya chupa juu. Ndoo ya plastiki kwenye chumba chenye nyuzi 33 inapokea joto la hewa siku nzima, deli halipokei kirahisi. Niliwahi kujaribu mtungi pia, nikidhani nina akili kuliko wote. Mtungi unapoza kwa kutoa jasho nje, na jasho hilo linataka hewa kavu. Hewa ya Dar msimu wa joto imeshashiba maji. Ulinipozea nyuzi moja na ushee, ukanipunguzia maji ya kununua kila siku, na kipima chumvi kikapanda kwa udongo. Umerudi nyumbani, unapoza maji ya kunywa.

Pampu inayokuja na mashine ni ya tangi la samaki na nguvu yake ya kupandisha maji ni ndogo. Deli likiwa sakafuni na mashine juu ya meza ndefu, mkondo unakuwa kama wa mtoto mchanga. Inua deli kwenye stuli. Kisha pima: shika mpira wa kurudishia, jaza chupa ya lita moja na nusu, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, uko salama. Ikichukua dakika mbili, safisha pampu au badilisha. Kwa mkondo wa lita moja na nusu kwa dakika, maji yanatoka kwenye tyubu yakiwa na nyuzi tatu hivi zaidi ya yalivyoingia wakati unakata mfululizo, kwa hiyo kichwa cha kipimajoto nakiweka pale mpira wa kurudishia unapomwagia. Ukikiweka chini kwenye kona ya deli, kitakupa habari njema za uongo.

Mdomo wa mpira wa kurudishia uzame chini ya maji, daima. Nimeshakueleza kilichonipata. Ukizama, pampu ikizima tyubu inabaki imejaa, na unapata muda kidogo wa kuwahi.

Mapovu. Mara ya kwanza kujaza maji lazima hewa ibaki ndani, na inapenda kujibana juu, kwenye ncha ya kutokea mwanga. Pale penye povu kioo hakina maji, kinapata moto peke yake na kupasuka. Chuchu ya kutolea maji itazame juu ili hewa ipate njia. Kama imetazama pembeni, legeza vishikizo vya tyubu uizungushe taratibu kwa mikono miwili, mashine ikiwa imechomolewa. Ukimaliza kuizungusha hakikisha mwanga bado unafuata njia yake kwenye vioo. Halafu washa pampu peke yake, inua upande mmoja wa mashine kama sentimita kumi, minyaminya mpira, shusha, inua upande wa pili. Povu litatambaa na kutoka. Mimi huacha pampu inazunguka dakika tano kila asubuhi, namulika kwa tochi ya simu tyubu nzima, ndipo naanza kazi. Katika chai ya asubuhi dakika hizo wala huzihisi.

Jasho

Sasa jambo lenyewe. Maelekezo ya kila mahali yanasema maji yawe nyuzi 15 hadi 20. Baada ya kununua tyubu ya pili nikasema safari hii nitafuata kitabu. Nikajaza barafu, maji yakashuka mpaka 17, nikafurahi. Ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi bado inavuma, hewa nzito kama blanketi. Dakika kumi baadaye tyubu nzima ilikuwa imetoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Tone likatembea mpaka kwenye ncha ya waya mnene mwekundu wa umeme wa juu. Cheche ya bluu ikaruka mpaka kwenye bodi ya chuma ya mashine, na harufu kali ya umeme ikajaa chumba. Nikachomoa kila kitu. Kwa bahati tyubu ilipona, lakini kioo cha kutokea mwanga kilibaki na doa, maana unyevu ukikaa pale, unafyonza mwanga wa leza na kuungua papo hapo pamoja na vumbi lake.

Hewa ina kiwango chake cha umande. Kitu chochote kilicho baridi kuliko kiwango hicho kitalowa. Ulaya wakati wa baridi kiwango hicho kiko chini sana, na maji ya nyuzi 18 hayana shida yoyote. Dar msimu wa kaskazi kinafika 24 au 25. Maji ya 18 kwenye hewa hiyo ni kuinyeshea mashine mvua kutoka ndani.

Nunua kipimajoto cha ukutani chenye kuonyesha na unyevu wa hewa. Hesabu ni ya darasa la nne: chukua 100, toa unyevu, gawanya kwa 5, jibu litoe kwenye joto la chumba. Leo chumba kina nyuzi 31 na unyevu wa 70. Mia toa 70 ni 30, gawanya kwa 5 ni 6, 31 toa 6 ni 25. Hicho ndicho kiwango cha umande. Ongeza nyuzi 2 za usalama: maji yasishuke chini ya 27. Mwezi wa saba, kusi ikivuma, chumba kina 27 na unyevu wa 60: umande ni 19, maji yanaweza kwenda mpaka 21. Hesabu hii ni ya kukadiria na inafaa unyevu unapozidi 50, ambayo ndiyo hali yetu ya kawaida huku pwani.

Juu nimejiwekea 30 kama ukuta. Kwa hiyo mwezi wa saba nina uwanja mpana wa nyuzi tisa, na mwezi wa pili nina nyuzi tatu tu, kati ya 27 na 30. Kazi yote ya maji huku kwetu ni kuishi ndani ya nyuzi hizo tatu.

Wenye kiyoyozi watasema wao wamepona, kwa kuwa kiyoyozi kinakausha hewa. Ni kweli, mpaka uwashe feni ya kutoa moshi. Ile feni inatupa nje hewa yako yote iliyokaushwa, na chumba kinavuta hewa mpya ya mtaani kupitia kila upenyo wa mlango. Nilikaa kwa jamaa yangu mmoja wa Sinza mwenye chumba cha baridi: kabla ya kazi unyevu ulisoma 50, robo saa baada ya kuwasha feni ulikuwa 68. Na feni huwezi kuizima, moshi wa akriliki na ubao si wa kuvuta. Basi pima wakati feni inafanya kazi.

Barafu kwa chupa

Barafu haimwagwi kwenye maji. Ya friza ya nyumbani imetengenezwa kwa maji ya bomba, na ikiyeyuka chumvi yake inabaki kwako. Inakaa ndani ya chupa iliyofungwa. Jaza chupa ya nusu lita robo tatu tu, maana maji yakiganda yanatanuka, funga, gandisha usiku kucha. Ikitoka kwenye friza ifute kwa kitambaa kabla ya kuizamisha, kwa sababu ute wa samaki wa friza ya nyumbani nao unahesabika.

Kwa nini nusu lita na si chupa kubwa? Chupa hiyo iliyojaa robo tatu inameza kama kilojuli 180 mpaka barafu kuyeyuka na kufika joto la maji yako. Kwenye lita 25 hizo ni nyuzi moja na robo tatu hivi. Yaani chupa moja inakutoa 29.5 mpaka 27 na ushee, na hapo ndipo unapotaka kukaa. Chupa ya lita moja na nusu, nayo ikijazwa robo tatu, inataka kukushusha nyuzi tano hivi, na kabla hujageuka uko 24, kioo kinatoa jasho. Ukiwa nayo kubwa, itumbukize, itoe, itumbukize. Lakini utasahau, mteja atakuja, na simu italia.

Chupa moja ya nusu lita inalipia dakika nane au tisa za mwanga usiozima, au karibu nusu saa ya kuchora kwa kazi kama zangu. Siku ya kazi kamili natumia chupa kumi. Kumi ziko kazini, kumi ziko kwenye friza ya mama ntilie jirani, ambaye ananitoza kwa kumtengenezea vibao vya bei ya chakula. Usitie chupa kabla ya kuanza kazi "ili maji yawe tayari". Anza na maji yalivyo, subiri kipimajoto kifike 29, ndipo utie ya kwanza.

Na nikiona siku ya Februari maji yameanza na 30, nahamishia kazi ya kukata usiku. Mchana nachora vitu vidogo au napiga msasa.

Swichi mbili za kulinda

Pampu na mashine vichomekwe kwenye soketi moja ya kuongezea, yenye ethi ya kweli, si ile plagi iliyokatwa mguu wa tatu. Ethi ndiyo inayokulinda ule umeme wa juu ukivuja kwenye bodi. Hilo ni la kwanza na ni bure.

La pili ni swichi ya mkondo wa maji, kidude cha plastiki unachokiunga kwenye mpira wa kurudishia. Maji yakipita inafunga, yakisimama inaachia. Kwenye paneli ya mbele ya K40 kuna kitufe cha kuruhusu leza, na nyuma yake kuna nyaya mbili nyembamba za volti ndogo zinazokwenda kwenye pawa saplai. Mojawapo ikatwe, ipitishwe kwenye swichi ya maji. Maji yakisimama, mwanga unazima. Fanya hivyo mashine ikiwa imechomolewa na imekaa, na ule waya mnene wa tyubu usiuguse hata kwa bisibisi; pawa saplai inaweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Kama nyaya hizo mbili huzitambui kwa uhakika, mlipe fundi wa elektroniki.

Ya tatu niliiongeza baadaye: saketi ndogo ya kupima joto iitwayo W1209, yenye namba nyekundu na kihisi cha waya. Rilei yake naiunga mfululizo na swichi ya maji. Inabidi iwekwe kwenye H, si C, na ipangwe 30: rilei inafunga maji yakiwa chini ya 30 na kuachia yakifika. Hata saketi yenyewe ikikosa umeme, inaachia. Ukiiweka kwenye C kwa kudhani ni ya kupoza, itaruhusu leza pale tu maji yakiwa ya moto. Nimeshaona.

Ila ujue tabia yake. Swichi hizi zinazima mwanga tu. Mashine haina habari, kichwa kinaendelea kutembea juu ya ubao bila kuchoma, na kibao kinabaki na mstari mtupu katikati ya jina la mtu. Kwa hiyo ni walinzi wa tyubu, si wa kazi. Kazi unailinda kwa kutazama namba na kusimamisha mwenyewe mwishoni mwa mstari, ukifika 29.

Na ikitokea umeikuta pampu imekufa na tyubu ni ya moto: zima leza, usirudishe maji. Fungua mfuniko, kaa nusu saa au zaidi, subiri kioo kiwe na joto la chumba. Mteja mpe kiti.

Mashine za kupozea

CW-3000 ni rejeta na feni ndani ya sanduku. Haina kompresa, na haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa. Chumba kikiwa na 32, maji yatakuwa zaidi ya 32. Kwa Dar ni hela ya kutupa, ingawa kwa mtu wa Lushoto inaweza kumfaa. CW-5000 ina kompresa kama friji, unaipangia nyuzi unazotaka, na kwa leza ndogo inatosha na kubaki. Ukiweza kuinunua, nunua, kisha usiipange 18 kwa furaha. Ipange kwa hesabu ile ile ya umande. Kuna waliojaribu kutumia dispensa ya maji ya ofisini. Kompresa yake ni ya kupoza vikombe, na ndani ya saa moja leza inaishinda.

Walio kwenye baridi

Kijana mmoja niliyemwuzia mashine yangu ya zamani aliipeleka Makete, kunakoshuka baridi ya kugandisha majani mwezi wa sita na wa saba. Kwake hesabu imegeuka yote. Umande haumsumbui, barafu haitaki, na mchana maji ya ndoo yanamtosha kabisa. Shida yake ni usiku: maji yakiganda ndani ya tyubu yanatanuka na kupasua kioo mashine ikiwa imezimwa, yeye amelala. Nilimwambia kila jioni achomoe mashine, atoe mpira wa kuingizia kwenye pampu, ainue upande mmoja wa mashine, apulize kwa mdomo mpaka maji yote yatoke, ndoo alale nayo ndani karibu na jiko. Asubuhi asirudishe maji mpaka chumba kipate joto, na yale maji yaliyolala karibu na jiko ayaache kwanza yafanane na chumba.